Tumbo la Mtumbwi

Tarehe kumi na moja Februari mwaka 2017, siku ya Jumamosi, tulimpoteza mama. Aliugua kwa muda mfupi, tukampeleka Lilongwe, akarudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, amelala kwenye gari la watu wa kanisa, amefunikwa kitenge chake cha njano. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu sikukaa kuandika juu ya ugonjwa. Nimekaa kuandika juu ya mtumbwi.

Kilichonikalisha ni harufu. Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu kwenye baraza ya nyumba moja huku Area 18, Lilongwe, na juzi dereva wa lori aliniletea turubai lake lililochanika nilitie kiraka. Lori lake hubeba tumbaku kwenda kwenye maghala ya Kanengo. Nilipolikunjua tu, harufu ikanipanda: tumbaku kavu, vumbi, mafuta ya taa, na kitambaa kizito kilichokaa juani miaka mingi. Niliacha mikono yangu palepale juu yake. Dereva akadhani nimeudhiwa na uchafu, akaanza kuniomba radhi.

"Hapana kaka," nikamwambia, "hii harufu naijua. Hii ni harufu ya mtumbwi."

Akaniangalia kama mtu anayefikiria kukunja turubai lake aende kwa mshonaji mwingine. Sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Mdogo wangu, Heri, alikuwa ameanza shule juzijuzi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo mama aliitwa Mama Zawadi na kila mtu, kuanzia mchungaji hadi wauza mkaa, na baba aliitwa Papa Zawadi. Sisi nyumbani tulimwita Papa tu. Alitoka Fizi, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, ambako alijifunza kuunda mitumbwi kwa baba yake. Mama alikuwa wa mjini, wa Bukavu, alikuwa amesoma, na aliweza kushona nguo ya arusi kwa kuitazama picha. Dzaleka haina ziwa. Ina vumbi nusu ya mwaka na tope nusu nyingine. Papa alitengeneza vitanda, mabenchi ya kanisa, na majeneza. Lakini akiulizwa kazi yake, hata na mtu anayemdai kitanda, alijibu: "Mi fundi ya mitumbwi." Watu walicheka, na yeye alicheka pamoja nao, lakini jibu hakubadilisha.

Mama alikuwa na shamba. Halikuwa letu. Lilikuwa la kijiji cha jirani, na mfumu, yaani chifu wa kijiji kile, mwanamke mnene aliyevaa viatu vya mvua hata kiangazi, alimruhusu mama alime kwa sharti moja: shamba likiota magugu, litapewa mtu mwingine. Mama alipanda nyanya, vitunguu na lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Nyanya zake zilijulikana hadi soko la Dowa. Aliposhika nyanya alifumba macho kidogo, kama anayesikiliza.

Kisha wanakijiji wakachimba bwawa. Lilikuwa bwawa zuri, lenye ukuta wa udongo, na mvua ya kwanza ilipokuja maji yakajaa bondeni, yakaifunika njia ya kwenda shambani. Ng'ambo uliliona shamba, ungeweza hata kuhesabu miti ya nyanya, lakini kulifikia ilibidi uzunguke kupitia vilima na matope. Mama aliondoka alfajiri akarudi jioni, nyanya zimepondeka kwenye beseni, na magugu yalikuwa yanamshinda. Mvua zilipoisha, mfumu alipita, akatazama, akaguna. Alisema msimu ujao hatavumilia. Hakusema kwa ubaya. Kulikuwa na watu wengine wanaongoja shamba.

"Nitajenga mtumbwi," Papa akasema jioni ile.

Mama alikuwa anasonga nsima. Hakugeuka. "Shamba ni yangu," akasema, "mtumbwi ni yako. Mi siingiye."

Sisi watoto tulidhani ni maringo ya watu wa Bukavu. Papa mwenyewe alikuwa ametuambia kwamba Bukavu watu hutazama ziwa lao kwa dirisha.

Sasa nisikilizeni kuhusu neno moja la Kichewa, lugha ya wenyeji wa huku, kwa sababu bila neno hilo tusingekuwa na mtumbwi huu ninaousimulia, tungekuwa na mwingine. Papa alienda kwa mfumu kuomba ruhusa. Kichewa chake alikuwa amekiokota kwa wapakiaji wa Kanengo na kwa polisi. Neno *kumanga* alilijua vizuri sana. Wapakiaji walilitumia kwa kufunga mizigo kwa kamba, na polisi walilitumia kwa kumfunga mtu pingu. Kwa hiyo alimwuliza mfumu kama anaweza *kumanga* mtumbwi pale bwawani, maana yake aufunge kwenye mti, uwe unakaa palepale. Mfumu akajibu, bila kufikiri sana, ndiyo, mumange. Papa akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Na kama mtumbwi unakaa palepale, uzito si kitu. Papa alichagua ule aliouzoea: mbao nene, misumari, tumbo bapa kama meza, wa kubeba magunia. Mbao alizitoa Kanengo. Msimu wa tumbaku alikuwa anapata kazi ya kupakia kwenye maghala, na kila alipoweza alirudi na mbao za masanduku mabovu, zimebebwa juu ya basi dogo hadi Dowa na kutoka pale juu ya kabaza, mwendesha baiskeli akilalamika njia nzima. Alijengea kandokando ya bwawa, chini ya jua. Majirani wa Dzaleka walimpa cheo. "Kapiteni wa Vumbi!" waliita. "Meli inafika lini?"

"Inafika mvua ikifika," Papa alijibu. "Andaeni mizigo."

Mtumbwi ulipofika nusu, mfumu akaja kutazama. Alizunguka mara kadhaa, akapigapiga mbao kwa fimbo, akasifu. Kisha akauliza swali la kawaida kabisa: "Bambo, mtaubebaje kurudi nao nyumbani?"

Papa akacheka. Kuubeba? Si alisema aufunge hapa?

Hapo ndipo walipogundua. Kwa Kichewa, *kumanga* ni kufunga, na pia ni kujenga. Mfumu alikuwa amempa ruhusa ya kujenga. Kufunga hakuruhusu, na hangeruhusu kamwe. Watoto wa kijiji walikuwa wanacheza kwenye maji yale, na mvua zilizopita mtoto mmoja alizama. Mtumbwi ukiachwa pale, watoto wataupanda. Mfumu alisema haya kwa upole, akiwa ameshika ukingo wa mtumbwi, na Papa hakubishana hata kidogo. Nilikuwepo. Nilitegemea abishane, maana alikuwa mtu wa kubishana hata na redio. Aliinamisha kichwa tu, akashukuru, "Zikomo, amfumu. Ni kweli."

Mtumbwi ule ukawa kitanda. Nilikilalia mpaka nilipokua, na kwenye mbao za ubavuni palibaki matundu ya misumari yaliyopangwa kwa mstari wa maji. Siku ulipobomolewa mama aliimba akikaanga lenga-lenga. Papa aliusikia wimbo ule, akatoka nje.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Alihitaji mtumbwi ambao mtu mmoja anaweza kuuweka kwenye kabaza asubuhi, kuuteremsha majini, kuvuka, kurudi, na kuondoka nao jioni. Kwa ufundi wa Fizi kitu kama hicho hakikuwepo. Papa alichonga vijiko siku nyingi.

Halafu akarudi kutoka Kanengo amekunja mkono wa shati, na mkono wake wote, kuanzia kifundo hadi kiwiko, umechorwa kwa kalamu ya bluu.

"Musiguse!" alipaza sauti kabla hata ya kusalimia. "Njo hii! Batoto, kujeni muone!" *Njo* ya kwetu Kongo ni *ndiyo*.

Kwenye kituo cha mafuta, barabara ya kwenda kaskazini, alikuta gari la wageni waendao ziwani, na juu ya gari kuna kitu chembamba kama samaki, kimefungwa juu na tundu katikati la kukaa mtu. Alikizunguka. Alikigonga kwa vidole. Mlinzi akamfukuza, akarudi kwa upande mwingine. Mwishowe dereva wa wageni, Mmalawi wa Salima, alimhurumia akamwambia kinaitwa kayaki, mtu hukaa mmoja, kafi ina vichwa viwili, na akakiinua kwa mkono mmoja kumwonyesha wepesi wake. Papa hakuwa na karatasi. Alijichora mwenyewe. Mama alimlazimisha aoge, akaoga mkono ukiwa nje ya maji, na kanisani Jumapili ile alikaa amekunja shati, mchungaji akidhani ameumia.

Kile cha wageni kilikuwa cha plastiki, na plastiki hatukuweza. Kwa hiyo ilibidi achague namna ya kujenga, na alichagua kwa sauti kubwa, jioni baada ya jioni, sisi watoto tukiwa mahakama yake. Mbao nyembamba zilizobandikwa ubavu kwa ubavu? Nzuri sana, alisema, lakini zinataka gundi ya kweli na karakana isiyovuja, na sisi nyumba yenyewe inavuja. Plaiwudi iliyokatwa vipande, ikashonwa kwa waya na kupakwa gundi kwenye mishono? Hii ilimvutia, ila plaiwudi ya Lilongwe aliijua: ikilowa mara tatu inafunguka kama kitabu. Ikabaki ya mwisho, mifupa na ngozi. Mifupa ya mianzi iliyopasuliwa na kukunjwa kwa moto, imefungwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Ngozi ya turubai la lori, kwa sababu Kanengo maturubai mabovu hayakosekani. Nyepesi. Ikitoboka, unatia kiraka.

"Na ngozi atashona nani?" Heri akauliza.

Papa akatazama cherehani ya mama. Mama, aliyekuwa amekaa nayo akipiga pindo la sare ya shule, akaweka kiganja juu ya gurudumu lake kama mtu anayemshika mtoto asikimbie.

"Papa Zawadi. Mashine yangu haitashona mtumbwi."

"Shamba itaenda."

"Iende."

"Nyanya yako itaenda kwa bantu bengine."

Mama alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akakunja sare, akaiweka. Ndipo aliposema neno ambalo nililikumbuka baadaye maisha yangu yote. "Nionyeshe tumbo yake kwanza. Mi siwezi kushona ngozi ya nyama sijaona."

Papa alikuwa na msemo wake, kwamba mtumbwi wote uko tumboni, ukijua tumbo umejua tabia yake. Nadhani alifurahi mama kutumia neno lake. Kesho yake alichonga vitumbwi vitatu kwa mti laini, kila kimoja urefu wa mkono wangu, akavipiga msasa, na alasiri akajaza maji beseni kubwa la kufulia katikati ya ua. Mimi na Heri tulipewa kazi ya kupakia abiria. Tuliweka nyanya moja ndani ya kila kimoja, na jiwe dogo kila upande.

Cha kwanza kilikuwa tumbo bapa. Kilikaa juu ya maji kama sahani mezani, nyanya haikutikisika. Papa hakuficha mapenzi yake. "Hii inabeba," alisema. "Hii njo ya kwetu. Mtu anasimama ndani, anavuta wavu, anakula."

Cha pili kilikuwa cha mviringo kama nusu ya chupa. Kilipita majini kwa kasi nzuri, lakini kiliyumba kwa kila kitu, hata kwa pumzi ya Heri. Heri alikiita mlevi.

Cha tatu kilikuwa katikati ya hivyo viwili. Chini kilichongoka kidogo sana, kama viganja viwili vilivyounganishwa kuteka maji, na ubavuni kilikuwa na mabega. Ukikigusa kilitikisika. Si kama mlevi, ila kama mtu anayehama mguu mmoja kwenda mwingine.

"Kwa mama mwenye kuogopa maji," Papa akasema, akitabasamu, "ni hii ya bapa. Imetulia."

"Njo hii, mama!" Heri akadakia. "Haitikisike hata!"

Mama alipiga magoti mbele ya beseni. Alikunja mikono ya blauzi yake. Akaweka kidole kimoja kwenye ukingo wa kile cha bapa, akasukuma chini polepole. Kilikataa kuinama. Akasukuma zaidi, kikakataa. Nyanya imekaa vilevile. Akasukuma kidogo tu tena, na ghafla, bila kuonya, kikapinduka chote. Nyanya ikapiga maji, ikazama, ikaibuka upande wa pili. Heri akacheka. Mama hakucheka. Mkono wake ulibaki ndani ya maji.

Kisha akasukuma kile cha tatu. Kilitikisika tangu kidole kilipokigusa. Akasukuma, kikainama. Akaongeza, kikainama zaidi, kikalala kwenye bega lake, maji yakafika karibu na ukingo, na pale kikakaa. Alipoondoa kidole kikarudi. Nyanya ilikuwa bado ndani.

"Nataka hii," mama akasema.

"Hii inatikisika, Mama Zawadi. Utaogopa kila siku."

"Inatikisika, njo naitaka. Inakuambia mbele. Ile ingine imetulia, imetulia, halafu..." Hakumaliza. Aliokota nyanya kwenye maji, akaipangusa kwa kitenge.

"Bapa inabeba," Papa akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe unajua inabeba."

"Najua. Ilibeba."

Sijawahi kuona watu wazima wakitazama beseni la maji namna ile. Majirani walikuwa wanatwanga, redio ya mtu ilikuwa inaimba, na wao walikuwa mahali pengine. Mwishowe Papa akanyoosha mkono, akakitoa kile cha bapa, akakiweka juu ya mchanga kichwa chini. Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Mama, amani."

Ndivyo nilivyosikia. Mama, amani. Nilielewa kwamba ameomba wapatane, na nikafurahi, maana ugomvi wa mtumbwi ulikuwa umenichosha. Na kweli mama aliinuka, akaingia ndani, akatoka na utepe wa kupimia shingoni, akauliza mtumbwi utakuwa na urefu gani.

Tangu siku ile mimi na Heri tulilichukua neno lile. Tuliona lina nguvu. Tukikosa, tukivunja kitu, tukichelewa mtoni na mama akija na fimbo, tulinyanyua mikono yote miwili tukalia, "Mama, amani! Mama, amani!" Na lilifanya kazi. Mama alisimama palepale alipo. Fimbo ilishuka. Wakati mwingine aligeuka akaenda nyuma ya nyumba kuangalia mkaa ambao haukuhitaji kuangaliwa. Hatukuwahi kuchapwa tukishalisema. Heri aliwafundisha watoto wa jirani, lakini kwa mama zao halikufanya kazi.

Sasa ujenzi. Papa alikunja mianzi juu ya moto wa mabua, mmoja mmoja, kila ubavu ukifuata umbo la kile kitumbwi cha tatu, akaipanga kwenye fito ndefu. Mwishowe mtumbwi ulionekana kama mifupa ya samaki mkubwa aliyekufa uani kwetu. Kuku walilala ndani. Turubai lilifika juu ya kichwa chake, limekunjwa, linanuka tumbaku na mafuta. Mama alilifua kwa majivu mpaka mikono ikachubuka, na harufu haikutoka.

Alilitandaza juu ya mifupa, akalichora kwa chaki, akalikata. Mishono mirefu aliipiga kwa cherehani, mshono wa kukunja mara mbili, ule wa suruali za jinzi, akasema makalio ya wanaume hayajaushinda, maji hayataushinda. Mshono wa mwisho, wa kufungia ngozi juu ya mifupa, aliupiga kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Alilowesha turubai, akavuta, akashona, mimi nikimpitishia uzi kwenye kipande cha mshumaa ili ushike nta. Pale nilijifunza kazi inayonilisha leo. Turubai lilipokauka likajivuta lenyewe, likabana mifupa, ukiligonga linalia kama ngoma. Kisha Papa akalipaka rangi iliyochanganywa na mafuta, juu, chini, juu tena.

Mama aliuliza kila siku: "Tumbo iko vile vile?" Na kila siku Papa alijibu: "Vile vile."

Mvua zikaanza. Bwawa likajaa. Asubuhi moja tulienda, kabaza mbele na mtumbwi mgongoni mwake kama nyoka aliyemeza nyoka, sisi nyuma kwa miguu. Mfumu alikuja na viatu vyake vya mvua, na akina mama wa kijiji, na Wakongo wenzetu waliotaka kumwona Kapiteni wa Vumbi akizama. Mfumu alipitisha kidole kwenye mshono. "Bwato limeshonwa kama gauni!" akasema kwa Kichewa, na wanawake wakapiga vigelegele kwa kicheko.

Nilidhani Papa ndiye atakayeingia kwanza. Hata yeye alidhani hivyo, alikuwa ameshavua viatu.

"Kaa," mama akamwambia. "Nimeshona mimi."

Akaingia. Papa alishika mkia wa mtumbwi, maji yakimfika mapajani. Mtumbwi ukatikisika, na mama akafunga midomo. Ukatikisika tena. Akashika kafi. Papa hakuachia.

"Achilia, Papa Zawadi."

"Ngoja kidogo."

"Achilia."

Akaachia. Mama akaenda, vibaya mwanzoni, akizungukazunguka, watu wakicheka, kisha akanyooka. Alipofika katikati upepo ukashuka kutoka kilimani. Nililiona wimbi likitoka ubavuni, dogo tu, la bwawa, lakini Papa alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena kutoka kwake. Haikuwa neno. Mtumbwi ukainama. Ukalala kwenye bega lake, karibu na ukingo, na mama akainama nao. Ukakaa hapo. Kisha ukarudi.

Alifika ng'ambo. Alipalilia. Alirudi mchana na beseni la lenga-lenga katikati ya magoti yake, sketi imelowa, na alipotoka majini alisema kitu kimoja tu.

"Iko inasema."

Papa alikaa chini kwenye matope, na viatu vyake mkononi, akalia mbele ya mfumu na kijiji chote. Watu walidhani ni furaha ya fundi. Mimi pia.

Shamba halikupewa mtu mwingine. Mama alivuka misimu kadhaa, mpaka ukuta wa bwawa ulipobomoka na njia ikarudi. Mianzi ilioza. Ngozi tukaifanya pazia la bafu, na mshono wake haujaachia hata leo.

Siku ya kumzika mama, kijana anayeandika misalaba alikuja na kopo la rangi nyeusi. Akaandika jina la ubatizo, akaandika miaka. Kisha akauliza kama kawaida yake: "Chini niandike pumzika kwa amani?"

"Apana," Papa akasema. "Andika Mama Amani."

"Mama apumzike kwa amani?"

"Mama Amani. Njo jina yake."

Nikamwambia, "Papa, si anaitwa Mama Zawadi?"

Heri alikuwa amesimama nyuma yangu. Papa akatueleza palepale, kwa maneno machache, na mikono yake ikieleza zaidi. Kabla yangu alikuwepo Amani, mvulana wa miaka mitatu. Walipokimbia Fizi walivuka ziwa kwa mtumbwi ambao Papa aliujenga mwenyewe, wa tumbo bapa, wa mizigo. Mimi nilikuwa tumboni mwa mama. "Maji ilikuwa imetulia," akasema. "Mtumbwi imetulia. Tuliona milima ya ng'ambo. Tukasema tumefika." Akanyoosha kiganja chake, kikiwa bapa, akakigeuza mara moja.

Basi nikaelewa beseni. Nikaelewa kwa nini Papa alijenga kwanza ule wa mbao: alikuwa anaunda upya uleule, apate kujua kama kosa lilikuwa la mtumbwi au la ziwa. Na kwa nini hakubishana na mfumu. Walikuwa hawaongei juu ya mtoto wao, hawakuwahi, lakini walikuwa wameongea juu ya matumbo ya mitumbwi msimu mzima. Nikaelewa pia tulichokuwa tunakisema mimi na Heri, mikono juu, tukitaka tusichapwe. Mama hakutukataza hata mara moja. Nimewaza sana juu ya hilo. Nadhani ni kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyelitamka jina lile nyumbani kwetu.

Kijana alikuwa bado na brashi yake mkononi, amechuchumaa mbele ya msalaba.

"Hiyo amani," akauliza, "ni kwa a ndogo au kubwa?"

"Kubwa," nikajibu mimi.

Akaandika. Rangi ikachuruzika kidogo kwenye mguu wa A. Akaifuta kwa kidole, akaendelea na herufi iliyofuata.